Maneno Niliyosemeshwa Thika

Mwezi uliopita mpwa wangu Wambui alinichukua kwa gari lake kwenda kunionyesha kiwanja alichonunua upande wa Gatongora. Nilipokuwa msichana, kule kote kulikuwa na kahawa. Siku hizi ni magorofa na vibanda vya kuuza mboga na kutengeneza simu. Lakini tulipopinda nyuma ya ukuta mmoja mrefu, kipande cha shamba la zamani kilikuwa bado kimesalia, na kiwanda chake kando ya mto kilikuwa kinafanya kazi. Harufu iliingia dirishani kabla sijaona chochote. Ni harufu ya maganda ya kahawa yaliyolundikwa mpaka yakachacha, tamu kidogo mwanzoni, halafu kali ya kukwaruza koo. Nilimgusa Wambui mkono asimamishe gari.

"Unaumwa?" akaniuliza kwa vidole. Katika ukoo wetu mzima ni yeye peke yake aliyejisumbua kujifunza lugha ya mikono, na alijifunza kwa ajili yangu.

"Siumwi," nikamjibu. "Nimemkumbuka baba."

Tukakaa pale kitambo. Nilipotaka kumweleza nimekumbuka nini hasa, mikono yangu ilikataa, na ndiyo maana naandika.

Nyinyi wa rika langu mliokulia kwenye mashamba ya walowezi mnaijua harufu hiyo. Baba yangu alirudi nayo nyumbani kila jioni. Alikuwa anasimamia mashine ya kumenya kahawa katika shamba la mzungu mmoja karibu na Ruiru, na mama alikuwa mchumaji. Tuliishi katika laini za wafanyakazi, vyumba vya mawe vilivyopangwa mstari mmoja, jiko nje. Ulikuwa wakati wa hali ya hatari. Jamaa zetu wengi walikuwa wamekusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro, na baba alishika kazi ile kwa mikono miwili kwa sababu bila kazi hakukuwa na kibali cha kukaa mahali popote.

Nilikuwa nimeanza kung'oka meno ya utoto nilipougua. Nakumbuka kichwa kikiniuma mpaka mwanga wa mlangoni ukawa kama kitu kinachonipiga, na shingo ikakataa kupinda. Nakumbuka mama akinibeba mgongoni kunipeleka kwa dresa wa shamba, yule mhudumu aliyegawa dawa, na jasho lake likinilowesha kifua. Baada ya hapo sikumbuki kitu. Nilipoanza kuona vizuri tena nilikuwa kitandani kwetu, mama ameniinamia, na midomo yake inakwenda bila kutoa chochote.

Nilidhani ananitania. Nikamwambia, "Maitu," yaani mama kwa Kikuyu chetu, "sema vizuri."

Akaendelea vilevile. Akaja baba, naye akafanya hivyohivyo. Wakaja kina mama wa laini, na wote walikuwa wamekubaliana kunichezea mchezo mmoja, kufungua na kufunga midomo bila sauti. Kwa akili yangu ya kitoto nikaona kwamba lazima nilikosea jambo kubwa nikiwa mgonjwa, na adhabu yangu ni kunyimwa sauti za watu. Nikawa naomba msamaha. Nilimwomba kila mtu, hata mbuzi wa jirani, kwa kuwa naye alikuwa amegoma kulia mbele yangu. Mama alikuwa akinisikia nikimwambia mbuzi yule, "Nisamehe, sitarudia," akaingia ndani akajifunika leso usoni. Nikaliongeza hilo kwenye makosa yangu.

Ni baba tu niliyeamini kwamba hakunikasirikia. Akitoka kazini alinipakata, nami nikaweka shavu kifuani pake, na hapo, chini ya shati lenye harufu ya kahawa, sauti yake ilikuwapo. Ilitetemeka shavuni mwangu kama ile mashine yake inavyotetemesha sakafu. Sikuweza kujua anasema nini, lakini nilijua kwamba anasema. Nikaamua kwamba sauti za dunia yote zilikuwa zimekwenda kujificha mle kifuani, na kwamba baba ndiye atakayezitoa siku akitaka.

Mama aliniambia nikiwa mkubwa kwamba karani wa shamba ndiye aliyemletea baba habari. Serikali ilikuwa inajaribu kuanzisha shule Thika kwa watoto wasiosikia. Walitafuta watoto wachache kwanza, waone kama mambo yatakwenda. Baba akanikalisha kwenye ngazi ya kiwanda, akagusa sikio langu, akanyoosha kidole upande wa Thika, kisha akafungua viganja vyote viwili kama mtu anayemwachia ndege.

"Nitasikia tena?" nikamwuliza.

Alinifuta vumbi magotini. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Tulisafiri juu ya lori la shamba lililopeleka magunia Thika, mimi nimevaa gauni la kanisani. Njiani polisi walitusimamisha, wakakagua kipande cha baba, kile kitambulisho cha kazi, mmoja akanipiga kofi dogo la utani shavuni. Mimi nilikuwa nawacheka wote. Nilikuwa naenda kurudishiwa masikio yangu.

Shule yenyewe ilikuwa nyumba mbili za mabati na kibanda cha jiko ndani ya seng'enge, mahali ambapo zamani palikuwa ghala. Mwanamke mzungu mrefu alitupokea, na kando yake kijana wa kwetu mwenye tai, aliyekuwa mwalimu msaidizi na mkalimani. Mzungu akatoa sandukuni chuma kidogo chenye meno mawili, kama uma mkubwa. Alikigonga gotini, akakiweka kwenye mfupa nyuma ya sikio langu.

Kichwa changu chote kikavuma. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niugue kitu kuingia kichwani namna ile.

"Nasikia," nikapiga kelele. "Baba, nasikia."

Machozi yakamtoka baba. Mimi nikajua ni furaha. Yule mwanamke aliandika kitu, akamwambia mkalimani, mkalimani akamwambia baba, baba akainamisha kichwa. Nikaona kwamba wanapanga siku ya kunimalizia dawa, kwa sababu chuma kilipoondolewa, mvumo nao uliondoka. Baba akanishika mabega, akanionyesha mti wa mkaratusi uliokuwa ndani ya seng'enge, kwamba nikakae pale. Nikaenda nikakaa. Nilipogeuka kumtazama, lori lilikuwa limefika barabarani, naye amekaa juu ya magunia akiwa ametupa mgongo.

Sikulia. Niliona ameenda kuchukua chakula. Jioni mpishi alipokuja kunishika mkono, nilimng'ata.

Aliyenitoa chini ya mkaratusi ule alikuwa Mumbua. Alikuwa mkubwa kwangu, mrefu, meno ya mbele yana mwanya, na hakuwahi kusikia chochote tangu azaliwe. Alichuchumaa mbele yangu, akanitazama, halafu mikono yake ikaanza kwenda. Ilionyesha lori. Ilionyesha mtu amekaa juu, ametupa mgongo, shingo imelegea. Alikuwa baba yangu mtupu. Kisha akajionyesha yeye mwenyewe, akamtengeneza mwanamke mwenye kiondo kichwani, akamfanya aende, aende, apotee. Akanyanyua mabega. Nikaelewa kwamba mama yake naye aliondoka hivyohivyo, na kwamba watu wote mle ndani walikuwa wameachwa na mtu.

Sikuwa nimeelewa habari kamili kutoka kwa mtu yeyote tangu nilipougua. Mumbua ndiye wa kwanza.

Tulipeana majina kwa mikono. Mumbua alikuwa kidole kwenye mwanya wa meno. Mimi nilikuwa meno yakifungwa juu ya mkono, kwa sababu ya kumng'ata mpishi. Mwalimu msaidizi alikuwa Tai. Na yule mzungu, ambaye jina lake la kweli sikuweza kulitamka wakati huo na sasa sitaki kuliandika, tulimwita Kioo, kwa kuwa alitufundishia mbele ya kioo kikubwa. Tulikaa mmoja mmoja kando yake, tukatazama midomo yake na yetu. Aliwasha mshumaa tukaupulizia "p" mpaka moto ucheze. Alichukua mkono wangu akauweka kooni pake, na wa pili kooni pangu, nilinganishe mtetemo. Mikono yake ilinukia sabuni ya maua na ilikuwa na joto. Sikuwa nimeshikwa kwa upole namna ile tangu baba aondoke.

Lakini Kioo hakupenda mikono yetu iseme. Aliamini kwamba mtoto akiachiwa mikono, mdomo utalala. Darasani tulikalia viganja vyetu. Aliyesahau alifungwa kitambaa mikononi, nyuma ya kiti, na aliyefungwa mara nyingi kuliko wote alikuwa Mumbua. Jumamosi tulipopelekwa mtoni kufua, Kioo hayupo, vitambaa vyote vya juma zima vilifunguliwa. Mumbua alisimama juu ya jiwe akatusimulia. Alituletea fisi aliyeingia kanisani, askari aliyepoteza kofia, Kioo mwenyewe akijitazama kwenye kioo chake. Alitusimulia kwao pia. Alifanya pembe za nyati juu ya kichwa, kisha akachora mlima kwa mkono, na chini ya mlima nyumba yao. Tulicheka mpaka nguo zikachukuliwa na maji. Alinipa neno la mvua, la wivu, la kusubiri, la jana. Maneno yangu ya zamani ya Kikuyu yalikuwa yakinichakaa kichwani kwa kukosa mtu wa kusema naye, na Mumbua alinipa mengine ya kuishi nayo.

Tangu ile kelele ya siku ya kwanza, kwa miezi sikuwa nimesema neno lolote shuleni. Nilikuwa nimenuna. Siku moja mshumaa uliniunguza kidole nikasema kwa Kikuyu, waziwazi, "Maitu, nimeungua." Kioo akaganda. Akamwita Tai. Tai akaniinamia, akasikiliza, akamtafsiria, na uso wa Kioo ukafunguka kama wa mtu aliyepata kitu alichokuwa amekata tamaa nacho.

Kuanzia siku ile nikawa wake. Nilikaa kiti cha karibu naye. Alinivalisha sweta lake jepesi asubuhi za baridi, alinipa ndizi na nusu ya keki yake. Kila siku tulikaa mbele ya kioo muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Kiswahili changu nilikisoma kwanza midomoni mwake na kwa Tai ubaoni, kabla ya kukisoma kitabuni, na ndiyo sababu mpaka leo nikiliandika neno naliona kwanza linavyopinda mdomo. Nilimpenda Kioo. Nilimpenda kwa namna niliyoogopa kumwambia Mumbua, ingawa Mumbua alijua na hakunichukia. Alikuwa akinionyesha sweta lile na kufanya kama paka anayelambwa na mama yake, tukacheka.

Kisha Kioo akaanza kunifundisha maneno mapya, ya Kiingereza. Yalikuwa marefu, sentensi tatu. Sikujua maana yake hata kidogo. Niliyajua kama unavyoijua njia ya kwenda choo gizani: hapa ulimi unapanda, hapa midomo inaumana, hapa pumzi inatoka. Nikiyatoa sawasawa, Kioo alinionyesha mlango, akanichorea lori ubaoni, na juu ya lori msichana mdogo anayepunga mkono. Nikafahamu kwamba haya ndiyo maneno yanayofungua seng'enge. Nikiyasema vizuri mbele ya watu, baba atanichukua. Niliyasema nikila, niliyasema nikifagia, niliyasema nikikojoa.

Siku ya wageni ikafika. Asubuhi mpishi alikusanya blanketi zote, akawachukua Mumbua na watoto wengine kadhaa kwenda kuzifua mtoni, ingawa haikuwa Jumamosi. Mumbua aliniringia mlangoni, mikono yake ikisema, "Sisi kwenye maji, wewe kwenye kiti." Niliwaonea wivu. Sikujiuliza kwa nini ni wale tu waliozaliwa bila kusikia ndio waliopewa blanketi.

Wageni walikuja kwa magari mawili. Kulikuwa na bwana mmoja mnene wa idara ya elimu kutoka Nairobi, na wanawake wenye kofia. Na nyuma yao, amevaa koti la kuazima, alikuwa baba.

Nilitaka kumkimbilia lakini Kioo alinishika bega. Akanisimamisha juu ya sanduku. Nikamtazama baba, nikavuta pumzi, nikayasema maneno yale yote. Najua niliyasema vizuri kwa sababu wale wanawake waliweka mikono vifuani. Mmoja alifuta macho. Yule bwana akamgeukia Tai akauliza kitu, Tai akamgeukia baba, na baba akaitikia kwa kichwa. Bwana akaja akanishika mkono kama mtu mzima.

Nilishuka nikaenda kwa baba, nikaweka shavu kifuani pake. Sauti yake haikuwapo. Hakuwa akisema lolote.

Wala hakunichukua. Alinipa chapati iliyofungwa kwa jani la mgomba, akanishika kichwa, akaondoka na koti lake la kuazima. Niliona kwamba labda nilikosea herufi moja, na nikaanza kujizoeza upya.

Likizo ilipokaribia, akaja mama yake Mumbua, mwanamke mfupi mwenye kiondo kichwani, tukamjua kabla hajafika langoni kwa sababu Mumbua alikuwa ametuonyesha mwendo wake mara nyingi. Kioo alisema naye kwa muda mrefu kupitia kwa Tai. Mama yule akatoa kitambaa akalia. Mimi na Mumbua tulikuwa dirishani tunamtazama.

"Analia kwa furaha," mikono ya Mumbua ikaniambia. "Wamemwambia nimekuwa hodari."

"Utarudi lini?" nikamwuliza.

"Shule ikifunguliwa." Akaleta blanketi lake, akalikunja juu ya kitanda changu. "Nitunzie. Mpishi ni mwizi."

Akaenda akitembea kinyumenyume ili aendelee kusema nami, mpaka mama yake alipomgeuza kwa mkono.

Shule ilipofunguliwa, Mumbua hakuja. Kulikuwa na mafundi wakijenga darasa la mawe, na kulikuwa na watoto wapya. Nilimwendea Kioo, nikasema kwa mdomo kama alivyopenda, "Mumbua?" Akatabasamu. "Kesho," akasema. Neno "kesho" ni rahisi kulisoma, midomo inachongoka mwishoni kama ya mtu anayetaka kubusu. Nilimwuliza tena baada ya siku chache, akasema kesho. Nilimwuliza muhula uliofuata. Wengine waliokuwa wameenda na Mumbua mtoni siku ile nao hawakurudi hata mmoja. Wale wapya, nilipozoeana nao, kila mmoja alikuwa na hadithi ya ugonjwa, ya homa au surua au masikio yaliyotoka usaha, na kila mmoja alikumbuka sauti fulani. Sikulijumlisha jambo hilo. Nilikuwa mtoto, na nilikuwa na sweta la mwalimu.

Nilisoma pale mpaka nikawa msichana mkubwa. Kioo alirudi kwao kabla ya uhuru, na nililia nilipomwona anafunga sanduku lenye chuma chake. Nikajifunza ushonaji, nikapata kazi kwa Mhindi mmoja mwenye duka la nguo mjini Thika, na kwa kuwa sikuwa na mtu wa kuongea naye mchana kutwa, nilisoma. Nilisoma magazeti yaliyofungiwa vitambaa, nikajua Kiingereza cha kutosha.

Siku moja nilikuwa napiga pasi shati. Mdomo wangu ulikuwa ukicheza wenyewe, kama ulivyozoea nikiwa kazini, na ulichokuwa ukicheza ni yale maneno ya siku ya wageni. Yalikuwa yamekaa mdomoni mwangu miaka yote ile, hayana maana, kama wimbo wa kulalia. Nikaliona neno moja mle ndani. Lilikuwa neno la kuzaliwa. Likafuata la pili, nalo ni kiziwi. Nikaanza upya, polepole, na safari hii nikajisoma.

Nilizaliwa kiziwi. Sikuwahi kusema neno lolote. Shule hii imenipa sauti.

Shati likaungua. Yule Mhindi alikuja akisema mengi, sikumtazama mdomo.

Jumapili ile nilipanda gari kwenda Ruiru. Baba alikuwa amezeeka mapema, anakohoa, lakini alikuwa bado na kazi yake kiwandani. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Wakati huo nilikuwa naweza kumsoma baba midomo akiniangalia na kusema taratibu.

"Baba," nikamwambia, "siku ile wageni walipokuja, yule bwana alikuuliza nini?"

Alimtazama mama kwanza. "Aliuliza kama ulizaliwa hivyo."

"Ukasema nini?"

"Nikasema ndiyo."

"Ulinifundisha kuhesabu kahawa kwenye debe. Ulinisikia nikiimba na watoto wa laini."

"Nilikusikia," akasema.

Mama aliacha maharagwe. Baba akajifuta mdomo, akanigeukia vizuri ili nimwone.

"Njoki, asubuhi ile yule mwalimu wenu wa kizungu alinisimamisha nje. Aliniambia wakubwa wamechoka na ile shule, wanaona ni bure. Wasipoonyeshwa mtoto mmoja aliyefaulu wataifunga, na wewe utarudi hapa kuchuma. Nilikuwa nimeona mikono ya mama yako ilivyochanika kwa kuchuma. Ungefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje?"

 Nilikaa nikitazama mdomo wake uliofungwa. Nilitaka kumchukia na sikuweza kumchukia wote. Palikuwa na upande mmoja wake ambao chuki haikufika, na upande mwingine ambao mapenzi hayakurudi tena mpaka alipokufa.

"Na Mumbua?" nikamwuliza mwishoni. "Na wale wengine waliofichwa mtoni?"

Baba alikunja uso. Hakuwa anajifanya. "Mumbua ni nani?" akasema.

Niliondoka kabla ya chakula. Njiani kurudi Thika, gari likitikisika, ndipo nilipolijumlisha lile ambalo sikulijumlisha utotoni. Mimi niliyewahi kusikia nilisimamishwa juu ya sanduku nikaitwa mtoto aliyezaliwa kiziwi, na kwa uongo ule shule ilipona. Ilipopona, ikawarudisha nyumbani waliozaliwa viziwi kweli, kwa kuwa hawakuweza kusema kama mimi. Nafasi zao zikapewa watoto wa kufanana nami. Kioo hakuwa na haja ya kuniambia mimi. Alihitaji mdomo wangu tu.

Sikujua kijiji cha Mumbua wala jina la baba yake. Nilijua pembe za nyati na mlima. Nilipowauliza wateja wa Kikamba dukani kwa kuandika, walicheka, wakasema huo ni Kilimambogo, mlima wa nyati, nani asiyeujua. Nikaenda siku ya soko, nikashuka penye mlima mbele yangu, nikaanza kupita katikati ya wauzaji nikitazama vinywa.

Nilimwona yeye kabla ya mwanya. Alikuwa amekaa nyuma ya gunia la mbaazi, mtoto mgongoni, anampimia mtu kwa kopo. Nikasimama mbele yake nikajiuma mkono. Kopo likamwanguka.

Mikono yake ilikuwa mizito. Ilianza kitu ikakiacha katikati, ikarudi, ikatafuta. Huko nyumbani hapakuwa na mtu wa kusema naye zaidi ya njoo, kula, beba. Nilimngoja. Kidogo kidogo ilipata moto, na alipomaliza kunionyesha mume, mtoto, na mwingine aliyezikwa, alikaa wima akaniuliza swali ambalo niliona alikuwa amelishika siku nyingi.

"Shule," mikono yake ikasema. "Imefunguliwa?"

Nilidhani nimekosea kuona. Nikamwuliza ana maana gani.

Akanionyesha: mama yake, siku ya kurudi shuleni, yeye amekwisha vaa, amekwisha funga nguo zake. Mama anaweka viganja viwili pamoja, anavibana. Imefungwa. Na muhula mwingine, vilevile. Na mwingine. Alikuwa anangoja kuambiwa imefunguliwa.

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimejifunza kwa watu walionipenda. Badala yake nilimwambia yote, maneno yale na maana yake, na mtoni, na blanketi lake nililolala nalo mpaka likachanika, na madarasa ya mawe.

"Haikufungwa," nikamwambia. "Haijawahi kufungwa hata siku moja."

Mumbua hakulia. Aliilaza mikono juu ya mbaazi. Mteja akaja, akaonyesha kwa kidole, Mumbua akampima, akapokea, mteja akaenda. Kisha akanigeukia.

"Kama haikufungwa," akasema, "basi mama alijua."

Mama yake alikuwa pale pale, hatua chache kutoka tulipokaa, anauza ndizi. Alikuwa amezeeka lakini ni yule yule mfupi. Tukageuka wote wawili tukamtazama. Tulimtazama kwa muda mrefu, na mikono ya Mumbua ikamsema hapohapo machoni pake, jambo baada ya jambo, bila kuficha lolote. Yule mama akatutabasamia. Akainua mkono akatupungia, akidhani tunamsalimu.